Pambo na Manufaa: Kipi Hutangulia?

 

Ndugu msomaji, kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma akiwa mtoto, na ambaye leo ni mtu mzima mwenye mke na pikipiki ya bodaboda hapa Korogwe, alinijia baada ya sala ya Alasiri akaniuliza swali. Nilimjibu kwa haraka, na haraka ile imenisumbua mpaka nimeshika kalamu. Alisema: "Maalim, simu ikizimika kwa kuisha chaji, mwenye simu ana dhambi?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo nilipomwambia akae kwenye jamvi anieleze.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa miaka mingi kijana huyu alikuwa na simu ndogo ya vibonyezo, ile ambayo watu wetu huiita kitochi. Ilikaa na chaji siku nne, hata tano. Ilichukua laini mbili, kwa hiyo mtu wa mtandao huu na mtu wa mtandao ule wote walimpata. Ilianguka kutoka kwenye pikipiki mara nyingi, ikatawanyika vipande vitatu, mfuniko huku, betri kule, naye huviokota, huvifuta matope kwa shati, huvirudishia mahali pake, simu ikawaka. Na kwa kuwa simu yake ilikuwa haizimiki ovyo, alijitolea mwenyewe kuwaambia watu wa kijiji kimoja katika njia ya kwenda Magoma: "Mkiwa na mgonjwa nipigieni, saa yoyote ya usiku." Watu wakaiandika namba yake kwa mkaa nyuma ya milango yao.

Kisha akauza mbuzi wawili, akaongeza na akiba, akanunua simu janja iliyokwisha tumika, iliyoletwa kutoka ng'ambo. Nimeishika kwa mkono wangu, na sitasema uongo, ni kitu kizuri. Mgongo wake ni kioo kitupu, kingo zake ni madini yaliyosuguliwa yakalainika kama ushanga wa tasbihi. Lakini betri yake ilikuwa imechoka kwa mikono iliyotangulia, na haitoki, imegandishwa ndani kwa gundi. Inachukua laini moja tu. Ikitolewa kwenye chaji alfajiri, jua likizama nayo inazama. Kile kitochi alimpa mdogo wake anayesoma Handeni.

Usiku mmoja wa masika, katika kijiji kile, binti wa mzee mmoja alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mzee akamulika nyuma ya mlango, akasoma namba, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena na tena. Mwisho wakamtoa binti kwa miguu, wanawake wawili wamemshika huku na huku, wakitaraji kukutana na gari lolote barabarani. Mtoto alizaliwa njiani, chini ya turubai, bibi yake akimulikiwa na jirani. Na kilichomulika kilikuwa ni kitochi cha yule jirani. Alhamdulillahi, mama na mtoto wote ni wazima, na asubuhi walipata gari likawafikisha hospitali. Yule mzee hakuja kulaumu wala hakutuma mtu. Alichofanya ni kuchukua kitambaa chenye maji akafuta namba mlangoni.

Basi nilipoyasikia haya nilimwambia: "Hiyo ni kadari ya Mwenyezi Mungu, mwanangu. Huna dhambi, nenda." Akaenda. Na usiku ule sikupata usingizi, kwani niliona nimejibu swali la simu, sikujibu swali la mtu.

Hebu tulitazame jambo hili tangu mwanzo wake. Imekuwaje kitu cha bei ya mbuzi wawili na akiba juu yake kishindwe na kitu ambacho kwa bei yake hungepata hata jogoo wawili?

Wengi wetu tunaikumbuka Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Waliounda simu ile walifikiri kwanza juu ya mtu atakayeitumia na mahali atakapokuwa. Waliweka tochi kwa sababu walijua kuna vijiji visivyo na umeme. Waliufunika uso wa vibonyezo kwa ngozi moja ya mpira ili vumbi lisipenye. Waliweka mikwaruzo ubavuni ili isiteleze katika mkono wenye jasho. Ziliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na ni vitu vichache mno vya namna ile vilivyowahi kununuliwa na watu wengi kiasi hicho. Hata zilipokuja za kampuni nyingine, nazo zikaja na tochi, watu wakaziita zote vitochi. Tazama hekima ya lugha yetu: watu hawakukiita kitu kwa jina la aliyekiuza wala kwa rangi yake, walikiita kwa msaada wanaoupata usiku wanapokwenda uani.

Sasa linganisha. Mwaka 2014 kampuni ya Samsung ilitoa simu yake kubwa ya Galaxy S5. Mgongo wake ulikuwa wa plastiki, ukifunguliwa kwa ukucha, betri ikitoka, na mahali pa kuweka memori kadi pakiwapo, tena ilithibitishwa kuhimili maji na vumbi. Watu wenye macho ya dukani wakaicheka, wakasema plastiki ile haina hadhi ya bei yake. Mwaka uliofuata, 2015, ikaja Galaxy S6 ya kioo na madini, na kila aliyeiona alisema sasa hii ndiyo simu. Lakini betri haitoki tena. Memori kadi haina pa kuingia. Ile sifa ya kuhimili maji haimo. Na betri yenyewe ilipungua kutoka 2,800 mpaka 2,550 kwa kile kipimo kinachoandikwa mAh mgongoni mwa betri. Wateja walinung'unika, na mwaka 2016 wakarudishiwa kinga ya maji na mahali pa kadi katika S7, betri ikabaki imefungiwa. Kisha mwaka 2021, katika S21, pale mahali pa kadi pakaondolewa tena. Mwaka huo huo wa 2016 kampuni ya Apple ilitoa iPhone 7 bila tundu la hedifoni, na mkubwa wake mmoja alisimama mbele ya watu akasema kuondoa tundu lile kumehitaji ushujaa. Mimi sijui neno hilo lilimponyoka au alikusudia. Sisi tuliosoma habari za Badri na Uhud tuna matumizi mengine ya neno ushujaa.

Wengine watasema: tundu la hedifoni ni kitu gani? Fahamu kwamba katika simu nyingi zenye redio, ule waya wa hedifoni ndio antena. Tundu likiondoka, na redio imeondoka. Ninawajua wazee ambao mwezi wa Ramadhani husikiliza mawaidha kwa redio ya simu, bila bando wala senti. Aliyekata tundu hakuwajua watu hawa, na pengine hakuwa na sababu ya kuwajua, ila jembe lake limewapitia.

Mwaka 2025 mashindano yamekuwa ya wembamba. Samsung wametoa simu yenye unene wa milimita 5.8, Apple wakatoa ya milimita 5.6. Ya Samsung ina betri ya 3,900, hali ndugu yake mnene wa mwaka ule ule ana 5,000. Ya Apple haina hata pa kuchomeka laini popote iuzwapo duniani, laini yake ni ya maandishi tu ndani ya mtambo, na nyuma ina kamera moja ambapo nyingine za bei hiyo zina mbili au tatu. Mtu analipa zaidi ili apate pungufu, na upungufu huo ndio sifa anayoringia.

Uadilifu unanitaka niseme na hoja ya upande wa pili. Watengenezaji wanasema mfuniko unaofunguka hula nafasi, na kwamba simu iliyogandishwa huwa nyembamba, imara, isiyopitisha maji. Hoja ya wembamba ni ya kweli. Hoja ya maji ni nusu ya kweli, maana umeona kwamba ile ya 2014 iliyofunguka kwa ukucha ilihimili maji, na ile ya 2015 iliyogandishwa haikuwa na sifa hiyo. Na jambo jingine wasilolisema kwa sauti ni kwamba betri za namna hii hudhoofika kila zinapochajiwa. Nyingi zikifikia mara 500 hivi huwa zimepoteza kama sehemu ya tano ya nguvu zake. Kitu kinachojulikana kwamba kitachoka kimefungiwa ndani ya kitu ambacho kingeweza kudumu. Taa ya chemli tuliyosomea sisi utambi ukiisha ulinunua utambi, kioo kikivunjika ulinunua kioo, na chemli ikabaki ile ile mpaka ikarithiwa. Umoja wa Ulaya nao umeliona jambo hili, ukapitisha sheria mwaka 2023 kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vyombo vya mkononi ziwe za kutolewa na mwenye chombo mwenyewe, ingawa wameacha na milango ya kutokea kwa baadhi ya vyombo.

Lakini mimi si fundi simu, na wala sikukusudia kukutajia vyombo. Swali langu ni hili: Je, uzuri ni jambo la kulaumiwa? Maana ni rahisi mno kwa mtu wa umri wangu kupanda juu ya membari na kusema pambo ni upuuzi, vijana wamepotea, turudini kwenye kitochi. Hilo ni neno jepesi na si neno la dini yetu. Katika Suratul Aaraf Mwenyezi Mungu anawaamrisha wanadamu wajipambe wanapokwenda kwenye ibada, na anawakemea wanaojiharamishia mapambo Aliyowatolea waja Wake. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kwa Ibn Masud, alipoulizwa juu ya mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, hakumwita mtu huyo mwenye kiburi, alieleza kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Liweke neno hili la kudharau watu mahali, tutalirudia.

Basi uzuri ni halali. Lililobaki ni mahali pake, na hapa nakuomba ufungue Suratun Nahl, aya ya 5 mpaka ya 8, uzisome taratibu. Mwenyezi Mungu anatukumbusha wanyama wa kufugwa. Anataja kwanza joto tunalolipata kwao na manufaa mengine na chakula. Baada ya hayo ndipo anataja uzuri wao. Kisha anataja mizigo wanayotubebea mpaka miji ya mbali, halafu farasi, nyumbu na punda, kwamba ni wa kupanda na ni pambo. Mara mbili limetajwa pambo, na mara mbili limekuja baada ya kazi. Halikuachwa, wala halikutangulizwa.

Na kuna jambo jingine ambalo wafasiri wamelizindua. Uzuri wa wanyama umetajwa katika nyakati mbili, wanaporudi jioni na wanapotoka asubuhi, na jioni imetangulia kutajwa ijapokuwa asubuhi ndiyo inayoanza. Kwa nini? Wafasiri wamesema: kwa sababu jioni wanarudi wameshiba, matumbo yamejaa na viwele vimejaa maziwa, na hapo ndipo uzuri wao unapotimia. Wewe uliyekulia Uzigua au kwenye tambarare za Mkomazi hukuhitaji mfasiri akwambie hili. Ng'ombe mwenye manyoya ya kung'aa na kiwele kikavu, nani amewahi kusimama mlangoni kumwangalia akiingia zizini?

Tena tazama neno ihsani. Ihsani katika asili yake ni kukifanya kitu kiwe kizuri. Katika hadithi ya Shaddad bin Aws, iliyo katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba Mwenyezi Mungu ameiandika ihsani katika kila kitu, hata katika kuchinja, akaamrisha mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Uzuri wa kisu hapa ni makali yake. Mpini wa pembe ya nyati ukitaka utie, hakuna aliyekuzuia, ila ukiniletea mpini wa pembe na kisu butu, mbuzi atalia.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili bila ya kuandika vitabu juu yake. Nenda Pangani, au Unguja, au Lamu, utazame milango ya kuchongwa. Mafundi wale walichonga fremu, wakachonga kizingiti cha juu, wakapiga misumari ya shaba. Lakini mbao za mlango wenyewe ziliachwa nene, na mnyororo ukawa mnyororo wa kweli. Na katikati, pale mbao mbili zinapokutana, walisimamisha ule mti uitwao mfaa, ambao nao mara nyingi ulichongwa. Kazi ya mfaa ni nini? Ni kuziba ufa baina ya mbao mbili ili upepo na jicho la mpita njia lisiingie. Kumbe nakshi imewekwa hata mahali penye kazi. (Na jina lake nalo lasikika kama "kufaa", wala sidai kwamba ndiyo asili yake.)

Sasa rudi kwenye simu ya yule kijana. Mgongo wake wa kioo, ni nani anayeuona? Uitumiapo simu unatazama uso wake, mgongo umeelekea mbele. Anayeuona mgongo ni yule aliyekaa mkabala nawe. Lakini chaji inapoisha, anayeiona ni wewe, na anayeumia ni yule anayekupigia. Kwa hiyo pambo lile ni la mtazamaji, na upungufu ni wa mwenye kitu pamoja na wanaomtegemea. Hapo ndipo ninapoanza kusikia harufu ya riya, ingawa simhukumu mtu kwa harufu. Na la kuchekesha, mwenyewe baada ya wiki moja, akiogopa kioo kisipasuke, alikwenda stendi akanunua kava ya mpira mweusi akaivalisha! Pambo alilouzia mbuzi likafunikwa kwa mpira wa shilingi elfu chache, akabaki na upungufu peke yake, nao hauna kava.

Nilipomwuliza kwa nini aliinunua, alinyamaza kwanza. Nilimbana, nikamwambia, "Ulikuwa na chombo kinachokutosha, kilichokupa riziki na thawabu. Ulitaka nini zaidi?" Akanijibu kwa adabu, bila ya kuninyanyulia macho: "Maalim, wewe ndiye uliyesema."

Sikuelewa. Akanikumbusha. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimefungisha ndoa ya binamu yake, na yeye alikuwa amekaa karibu na bwana harusi, kama ilivyo haki yake. Baada ya dua nilisema kwa sauti, na watu wakacheka pamoja nami: "Mwenye simu nzuri asogee mbele atupigie picha, wenye vitochi warudi nyuma." Yeye akarudi nyuma. Kijana mwingine wa mjini, asiye na nasaba na watu wale, akaja akakaa mahali pake.

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Kwangu ulikuwa ni mzaha wa harusi. Nimelihadithia darasani neno lile la Mtume (S.A.W.) la kudharau watu mara ngapi, sijui idadi yake, na siku ile nilikigawa kikao cha Waislamu kwa migongo ya simu zao. Kwa hiyo tunapowalaumu vijana kwamba wananunua sura na kuacha kazi, tujiulize soko la sura hiyo limejengwa na nani. Mtengenezaji wa huko mbali anauza kioo kwa sababu anajua sisi hapa tunampimia mtu heshima kwa kioo. Mwenye kitochi akiingia benki, akiingia harusini, akikaa na wakwe zake, anaificha simu yake mkononi. Masikini kupenda kizuri si kosa lake. Anastahiki kizuri kama mwingine yeyote, na tena yeye ndiye anayestahiki zaidi kizuri kinachodumu, kwa kuwa hana fedha ya kununua mara mbili.

Imam Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 790 Hijria (1388), katika kitabu chake Al-Muwafaqat, alizigawa maslahi za watu daraja tatu. Kuna za dharura, ambazo pasipo na hizo maisha huharibika. Kuna za haja, ambazo huondoa dhiki. Na kuna za kupendezesha. Akaeleza kwamba ya chini hukamilisha ya juu yake, na kwamba kikamilisho kikifika mahali pa kuivunja asili iliyokusudiwa kukamilishwa, basi kikamilisho hicho hakizingatiwi tena. Si kwamba ni haramu. Kimepoteza hoja yake ya kuwapo. Simu ya bodaboda aliyejitoa kwa wagonjwa imo katika daraja gani kwa mama aliye na uchungu saa nane ya usiku? Kwake yeye ilikuwa ni daraja ya kwanza. Na simu ile ile mkononi mwa mtu wa mjini mwenye umeme wa kutosha na chaja katika kila chumba inaweza kuwa halali tupu isiyo na neno. Ndiyo maana siwezi kukuandikia hukumu moja kwamba simu ya namna hii nunua na ya namna ile usinunue. Muulize anayekupigia.

Basi nilimwita kijana, nikamwambia jibu langu la kwanza lilikuwa na upungufu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, ahadi ya hisani imekokotezwa sana kutimizwa, lakini si deni la mtu kushtakiwa mbele ya kadhi. Na kuzimika kwa chombo usiku ule si tendo lake. Hapo nilisema kweli. Nilichokiacha ni hiki: "Wewe ulijua tangu lini kwamba simu hii haifiki Isha?" Akasema, "Tangu wiki ya kwanza." "Na namba yako ilikuwa nyuma ya milango ya watu?" "Ilikuwa." "Uliwaambia?" Hakujibu. Nikamwambia: usiku ule huna dhambi nao. Mazungumzo yako na Mola wako ni juu ya zile wiki zote zilizotangulia, ulipoiacha namba mlangoni na hali unajua. Na mimi nina mazungumzo yangu juu ya siku ya harusi, nami nimekuomba radhi.

Alilia kidogo, nami sikuwa mbali na kulia. Siku ya pili alinunua kitochi, akahamishia laini, akaenda kijijini kila mlango kuwaambia kwamba anapatikana tena. Kwa yule mzee alikaribishwa vizuri, akapewa maji na ndizi, akaoneshwa mtoto. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, baba, Mungu akulipe." Mkaa hakuutafuta. Mpaka ninapoandika maneno haya, nyuma ya mlango ule hapana namba.

Ile simu ya kioo aliamua kuiuza, akaja kuniuliza kama ni lazima amwambie mnunuzi habari ya betri. Nilimwambia ni lazima, kwani aibu ya bidhaa ikijulikana na muuzaji akainyamazia huo ni udanganyifu, na mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Tumeyasoma hayo pamoja katika mlango wa biashara. Akanitaka niwe shahidi. Mnunuzi alikuwa kijana wa umri wake, aliyekuja na pikipiki safi. Muuzaji akamweleza yote mbele yangu, hakuficha kitu: betri imechoka, haitoki, inachukua laini moja, jua likizama nayo inazama. Yule mnunuzi aliitoa simu katika kava lake, akaigeuza, akaipangusa kwa kidole gumba, akaiinua kwenye mwanga wa jua akiichungulia kwa makini pembe hata pembe. Kisha akasema, "Hilo la betri si neno, kaka. Mradi mgongo haujapasuka." Akahesabu fedha.